Kabla Hujaagiza Kilo, Tazama Gogo na Jiko

Jumapili moja ya mwisho wa mwezi, mtoto wangu wa tatu, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili, aliliokota shati nililokuwa nimelivua usiku uliotangulia, akalinusa, kisha akaniuliza: "Baba, nyama mnayokula huko ina ladha gani?" Mama yake alikuwa akichambua mchele karibu na dirisha. Hakuinua kichwa wala hakusema neno. Ndugu msomaji, nimekwisha kuulizwa maswali mengi magumu na wakubwa zangu kazini, lakini hakuna lililopata kunikata maini kama lile.

Sisi tunaoishi Kinondoni, Temeke na vitongoji vyake tumezoea kuihesabu nyama choma kuwa ni chakula cha wanaume. Mshahara ukitoka, jamaa watatu wanne wanakutana chini ya makuti, inaagizwa kilo mbili ya mbuzi na ndizi za kuchoma, na mazungumzo yanakwenda hadi usiku. Nyumbani siku hiyo ni dagaa na mchicha. Sina haki ya kumhubiria mtu juu ya jambo hilo, maana mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwao kwa miaka mingi. Nililoamua siku ile ni kwamba mwezi utakaofuata tungekwenda sote sita, mchana kweupe, baba, mama na watoto wanne. Nilidhani kazi kubwa ingekuwa kuzipata fedha. Kumbe kazi kubwa ni kuchagua mahali.

Mara ya kwanza nilichagua kwa macho. Pembezoni mwa Jiji, kando ya barabara kuu, palikuwa na bango kubwa lililotangaza bafe ya nyama choma: unalipa mara moja, unajipakulia mwenyewe, unakula uwezavyo. Jina la mahali hapo nitalihifadhi. Tulifika saa nane mchana. Meza ilikuwa ndefu na imetandikwa kitambaa cheupe. Mwanzoni mwake palikuwa na wali, kisha pilau, kisha chipsi, kisha tambi, kisha viazi vya nazi. Nyama ilikuwa mwisho kabisa wa meza, na mbele yake amesimama kijana mwenye koleo aliyekuwa akimgawia kila mtu vipande viwili, huku akitazama pembeni kama mtu aliyeagizwa kutazama pembeni. Tulipomfikia, sahani za watoto zilikwisha jaa wali na chipsi. Kuku alikuwa vuguvugu. Nililipa shilingi laki moja, na usiku ule mtoto wetu wa mwisho alitapika hadi alfajiri, tukampeleka zahanati. Siwezi kuapa kwamba ni kuku yule. Lakini mama yake aliapa, nami sikuwa na la kujibu.

Baada ya mkasa huo nilimwendea mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye alichoma nyama katika baa za Chang'ombe na Tandika kwa muda mrefu kabla macho yake hayajachoka na moshi. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza yaliyotupata. Alicheka kwanza. Kisha akasema: "Mwanangu, wewe umetazama meza. Mahali pa nyama hatazamwi meza. Tazama gogo, halafu tazama jiko. Ukimaliza hapo ndipo utafute kiti." Mengi nitakayoyaeleza hapa chini niliyapata kwake, na mengine nimeyathibitisha mwenyewe kwa kuzunguka na familia yangu mwisho wa mwezi baada ya mwezi.

Ili kuelewa kwa nini gogo ni la kwanza, yafaa kuijua safari ya nyama yenyewe. Ng'ombe na mbuzi wengi wanaoliwa Dar es Salaam hutoka mikoa ya bara, kama vile Dodoma, Singida na Shinyanga, nao hupitia mnada wa Pugu. Kutoka hapo wengi huishia Vingunguti, kwenye machinjio ambayo ujenzi wake mpya ulianza mwaka 2019. Kazi ya kuchinja hufanyika usiku ili nyama ifike mabuchani alfajiri. Bucha nyingi za mitaani huining'iniza nyama hiyo kwenye kulabu bila kuitia katika baridi, na kwa joto la Jiji letu nyama ya namna hiyo ni ya kuliwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi halihusu bei. Swali ni hili: nyama hii imeingia lini? Mwenye bucha mwaminifu atakujibu bila kusita, na atakuonyesha mhuri wa mkaguzi uliopigwa kwenye paja au ubavu. Nyama njema haitoi maji ya utelezi, wala hainuki unapoisogelea. Iwapo bucha iko ndani ya ukumbi wenyewe, kama ilivyo desturi ya baa zetu, msogelee mkataji ukalitazame lile gogo lake. Gogo lililokwanguliwa na kupakwa chumvi usiku halina nzi wengi asubuhi. Gogo jeusi lenye nyufa zilizojaa mabaki ya juzi linakueleza habari za jikoni kote, hata usipofika huko.

Papo hapo kwenye gogo ndipo ilipo mizani. Katika mahali pa kuaminika nyama hupimwa ikiwa mbichi, mbele ya macho yako, nawe unachagua kipande: mbavu, paja, sarara, au nundu kwa anayependa mafuta. Kilo moja ya nyama mbichi ikikaa motoni ipasavyo hupoteza maji na mafuta, hata ikashuka karibu theluthi. Ukitoa na mifupa, mlaji anabaki na nusu kilo hivi. Asiyeyajua hayo hugombana na mhudumu bure, akidhani ameibiwa. Lakini yupo pia anayeibiwa kweli: yule anayeagiza akiwa ameketi mbali, akaletewa sinia baada ya saa moja, asijue kama kilo yake ilikuwa kilo. Wakala wa Vipimo hukagua mizani za biashara na kuzibandika stika. Itafute stika hiyo, na utazame mshale kama umesimama kwenye sifuri kabla nyama haijawekwa. Hakuna aibu katika jambo hili. Mama watoto wangu hulifanya kwa tabasamu na mkataji humwita dada, wala hakuna aliyekasirika hata siku moja.

Tuje kwenye jiko. Watu wengi hudhani moto mkubwa ndio moto mzuri. Kinyume chake ndicho cha kweli. Nyama choma huivishwa na makaa, si miali. Mchomaji anayeijua kazi yake huacha mkaa uwake hadi ushike jivu jeupe juu, ndipo anapoweka nyama kwenye wavu, akaitia chumvi, akaigeuza kwa subira, na mafuta yakidondoka na kuwasha mwali yeye huusogeza mkaa pembeni. Mchomaji asiyejua huiacha miali ikairamba nyama, nje ikawa nyeusi kama sufuria ya mama ntilie na ndani ikabaki damu. Weusi huo si ladha. Mwaka 2015 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaoshughulikia utafiti wa saratani uliiweka nyama nyekundu katika kundi la vyakula vinavyoelekea kuleta saratani, na wataalamu wake walieleza kwamba kuipika nyama kwa moto mkali, au kuiweka juu ya mwali, huzalisha kemikali zisizotakiwa mwilini. Mwenye kula mara moja kwa mwezi hana sababu ya kukosa usingizi. Hata hivyo, sehemu iliyoungua ikatwe na kutupwa, hasa katika sahani ya mtoto.

Iko desturi moja ambayo imegawanya wapenzi wa nyama choma kama mchezo wa Simba na Yanga: kuichemsha nyama kwanza. Ng'ombe wetu wengi huchinjwa wakiwa na umri mkubwa, tena wametembea sana, na nyama yao huliwa siku ile ile bila kupumzishwa. Si ajabu basi kwamba ni ngumu. Baadhi ya mahali huitokosa jikoni asubuhi, supu yake ikauzwa kwa waliolala wamelewa, kisha jioni nyama hiyo hiyo ikapitishwa juu ya makaa dakika kumi na kuitwa choma. Wapo wanaoipenda kwa kuwa ni laini. Mimi kwa upande wangu naona ni kulipa mara ya pili kwa kitu ambacho utamu wake umekwisha uzwa kwa bakuli. Ikiwa lazima nyama ilainishwe, watu wa pwani walikwisha kulipatia jambo hilo dawa tangu zamani: papai bichi lililosagwa pamoja na tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, mishkaki ikalowekwa humo saa chache. Hiyo ndiyo maana mishkaki ya Kariakoo au ya Forodhani kule Unguja huvunjika mdomoni. Lakini pale ambapo kila kitu kimezama katika pilipili na chachandu hata huwezi kuonja nyama yenyewe, jiulize pilipili hiyo inaficha nini.

Kuku ana sheria zake. Kuku wa kisasa hufikia kuchinjwa kwa wiki tano au sita. Nyama yake ni laini, huungua upesi kwa nje, na pale paja linapoungana na mwili hubaki mbichi. Kipasue mahali hapo mbele ya mhudumu. Ukiona wekundu kwenye mfupa, mrudishe jikoni bila haya. Na kitimoto, ambacho wapenzi wake wanajaza viti kuanzia Sinza hadi Mbagala, kinataka tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu nguruwe anaweza kubeba viluwiluwi vya tegu. Anayekula nyama yenye viluwiluwi hivyo ikiwa haikuiva huota tegu tumboni, na mayai ya tegu huyo yakimfikia mtu kinywani, yeye mwenyewe au jirani yake, kwa mikono michafu au chakula kichafu, viluwiluwi huweza kukaa katika ubongo na kuleta kifafa. Nguruwe asiwe na wekundu wowote ndani. Aidha, mjini kwetu tunaishi kwa kuchanganyika, na mara nyingi meza moja ina mgeni Mwislamu. Mahali penye adabu pana jiko, visu na mbao mbalimbali kwa nguruwe na kwa nyama nyingine. Penye wavu mmoja kwa vyote, usimpeleke rafiki yako ukamweka katika mashaka.

Sasa niseme juu ya jambo dogo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni maji. Wakazi wa Jiji hawajasahau kipindupindu kilichoanza Kinondoni mwezi Agosti 2015, kikaenea Dar es Salaam nzima na kufika mikoa mingi ya nchi. Nyama iliyotoka motoni huwa imekwisha kuuawa vijidudu vyake, kachumbari haijauawa. Nyanya na vitunguu vile vimekatwa na mkono wa mtu na kuoshwa kwa maji ya mahali hapo. Kwa hiyo sisi tukifika tunakwenda kwanza kunawa, sote sita kwa mstari, na huko ndiko tunakopimia. Je, maji yanatiririka bombani au kwenye ndoo yenye koki, au ni beseni moja lililokwisha nawiwa na meza nne? Sabuni ipo? Choo je? Mama watoto ana kanuni yake: akirudi kutoka chooni akachukua mkoba wake mezani badala ya kuketi, tunajua tunaondoka. Tumekwisha kuondoka mara tatu namna hiyo, mara moja tukiwa tumekwisha agiza soda. Tulizilipia.

Wako watakaoniuliza: je, bafe ni mbaya siku zote? La. Jambo lenyewe ni la kale na limefanywa kwa heshima katika nchi nyingi. Kule Nairobi hoteli ya Carnivore ilifunguliwa mwaka 1980 kando ya barabara ya Langata, na utaratibu wake ukajulikana duniani: nyama inachomwa kwenye mapanga ya Kimasai juu ya shimo kubwa la makaa, wahudumu wanapita wakikukatia sahanini, na hawakomi mpaka wewe mlaji ulaze kibendera kilichosimama mezani pako. Zamani mlaji aliweza kupata hapo hata nyama ya pori, hadi Kenya ilipopiga marufuku uuzaji wake mwaka 2004. Tazama tofauti yake na ile meza yangu ya laki moja. Pale nyama inatoka motoni na kuja kwako. Kwetu ilikuwa imelazwa kwenye trei tangu saa tano ikingojea wajinga. Kanuni ya wataalamu wa afya ni nyepesi: chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kinachongojea walaji kikae katika moto wa nyuzi 60 au zaidi, yaani kitoe mvuke unapokifunua. Bafe yenye watu wengi, ambayo trei zake zinakwisha na kuletwa nyingine kila mara, ni salama kuliko ile yenye meza ndefu na watu wanane. Nenda saa saba, trei zinapofunguliwa. Ukienda saa kumi unakula mabaki kwa bei ya chakula kipya.

Kisha kuna hesabu. Tuseme bafe inatoza shilingi 25,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Familia kama yangu italipa 100,000. Tuseme tena kwamba mahali pa kawaida kilo ya mbuzi ni 16,000 na kuku mzima ni 18,000. Kilo mbili za mbuzi, kuku mmoja, ndizi na ugali wa 10,000, na soda sita za elfu moja moja, jumla yake ni 66,000, na kila mtu ameshiba nyama. Bei hizo ni za mfano tu, zinapanda na kushuka kutoka mtaa hadi mtaa, lakini ufanye mwenyewe hesabu ya mahali unapokusudia kwenda kabla hujavaa viatu. Bafe inamfaa kijana kapera mwenye njaa ya siku mbili. Mtoto wa miaka saba hula chipsi, hunywa soda nusu, kisha hutaka kwenda kucheza. Kumlipia bei ya kula uwezavyo ni kumpa zawadi mwenye hoteli. Naye mwenye hoteli analijua hilo vizuri, ndiyo maana wali hutangulia mezani na nyama ikawa ya mwisho. Ukiwa huna budi kwenda, anzia mwisho wa meza.

Juu ya muziki sina mengi. Penye maspika yanayotikisa glasi hapana mazungumzo, na familia iliyotoka pamoja haikutoka ili ipige kelele. Vilevile saa ni muhimu. Mahali hapo hapo ambapo saa saba mchana watoto wanakimbizana chini ya mwarobaini, saa mbili usiku pamebadilika na kuwa mahali pengine kabisa. Sisi hufika mapema na kuondoka jua likiwa bado lipo, tukapata na daladala bila kusukumana.

Jumapili iliyopita tulikuwa Temeke, mahali padogo ambapo hapana bango wala kitambaa cheupe, ila gogo limekwanguliwa na maji yanatoka bombani. Yule mtoto wa tatu, ambaye sasa yuko darasa la sita, alikwenda na mama yake kwenye mizani, nami nikabaki nikiwashikia wenzake viti. Nikawaona wanachagua mbavu. Mkataji akaweka kipande, mshale ukapita kidogo kilo mbili, akataka kukipunguza, mtoto akamwambia, "Shikamoo mjomba, kiache tu, baba ataongeza." Mkataji akacheka, akanitazama toka mbali, nami nikaitikia kwa kichwa. Niliongeza shilingi elfu mbili. Nyama ilichukua saa nzima na robo kuiva, na katika muda huo mama watoto alinisimulia habari za kazini kwake ambazo, nilipomwuliza kwa nini hakuniambia mapema, alisema alikuwa akingoja nirudi nyumbani kabla watoto hawajalala.